Ushindi ni wa Nani?

Je, mshindi hushinda peke yake? Huko Kaptagat wakimbiaji wa marathoni hufanya mazoezi kwa kundi. Atanguliaye hukata upepo, wenziwe wakapata kinga nyuma yake. Mwaka 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiongozwa kwa zamu na wakimbiaji wengi. Muda huo haukukubaliwa kuwa rekodi rasmi, wala sioni dhuluma: kanuni haziruhusu waongozaji kupokezana njiani. Lakini heshima si rekodi. Yaweza kugawanywa isipungue. Aghalabu sisi hulishika jina la mshindi tu, tukawasahau waliomkinga. Nao, mwisho ulipokaribia, walibaki nyuma wakimshangilia, akaumaliza mwendo peke yake.