Pesa ya Korosho na Vifaranga wa Novemba

Nachingwea na Ruangwa, minada ya korosho hufunguliwa Oktoba. Pesa ikishapitia chama cha msingi na kumfikia mkulima, wengi wetu huwaza kuku wa nyama. Hesabu yake inavutia: kuku hao huuzwa wakiwa na wiki tano au sita, kwa hiyo vifaranga wa katikati ya Novemba huwa tayari kwa Krismasi na Mwaka Mpya. Lakini pesa hiyo huja pamoja na joto kali, wakati mawingu yameanza kujikusanya na mvua bado haijashuka. Kisa hiki kilitokea kipindi hicho hicho, na kingeweza kumpata yeyote kati yetu, mimi nikiwemo.

Mama mmoja wa pembezoni mwa mji wa Nachingwea alipokea vifaranga kutoka Dar es Salaam. Hakuwa mzembe. Alikuwa amefagia banda, ametandaza maranda, amezungushia maboksi kutengeneza bruda, na jiko la mkaa lilikuwa linawaka kabla mzigo haujafika. Alikuwa ameelezwa kwamba kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na kwamba upepo ni adui yake. Yote hayo ni kweli. Ambalo hakuelezwa ni kwamba banda lake, lenye mabati yasiyo na dari, ikifika saa sita mchana lilikuwa na joto hilo bila jiko lolote.

Vifaranga wenyewe walionyesha mapema. Asubuhi walikuwa wametawanyika bruda nzima, wanakula. Kufikia saa saba walikuwa wamelihama jiko na kujibana pembeni, midomo wazi, shingo zimenyooka, mbawa wameziachia mbali na mwili. Chakula hakikuguswa. Maji yaliisha upesi, na yaliyobaki yalikuwa ya moto. Kisha milio ikapungua. Jirani mmoja mtu mzima alimwambia kuwa watoto hao wanaungua, lakini yeye alipoona wanahema alidhani ni mafua. Akashusha turubai ili wasipigwe na upepo, akatia dawa ya bakteria kwenye maji. Jioni wakachangamka, naye akaamini dawa imefanya kazi. Hapo ndipo ninapoumia zaidi, maana hali inayotulia kila jua likizama na kurudi kila jua likipanda ilikuwa inajieleza yenyewe. Siku moja hewa ilikuwa nzito kwa mvuke. Alasiri alipoinua turubai alikuta wamelaliana karibu na kinyweo, zaidi ya nusu wameshakufa.

Kuku hana tezi za jasho. Akizidiwa na joto hutegemea kuhema, ili unyevu wa njia ya hewa utoke na joto la mwili. Hewa ikijaa mvuke, unyevu huo hautoki vizuri, na kuhema kunabaki kumchosha na kumkausha. Kwa kushusha turubai, mama yule alizuia hata upepo mdogo uliokuwapo. Tena mkaa ukiwaka ndani ya banda lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Ndugu zangu wafugaji, tuwatazame vifaranga kabla ya kufuata maelezo tuliyopewa. Wakisongamana kwenye jiko wana baridi. Wakilikimbia wakiwa midomo wazi, litoe saa hiyo hiyo na uinue turubai upande usio na jua. Usiku lirudishe, maana wiki ya kwanza bado wanalihitaji, ila acha nafasi ya hewa kupita. Usiwamwagie maji, panua bruda, ongeza vinyweo, uwape maji ya mtungini na kuyabadilisha mara kwa mara. Makuti au nyasi juu ya mabati husaidia sana kwa gharama ndogo. Wala tusidhani hatari huisha na wiki ya kwanza: kuku wa nyama kadiri anavyonenepa ndivyo joto linavyomwelemea, na akishakua kidogo ni heri chakula kingi apewe alfajiri na jioni, kwa kuwa kusaga chakula nako huzalisha joto mwilini.

Na kama umeshaagiza, pima banda saa nane mchana kabla vifaranga hawajafika. Ning'iniza kipimajoto usawa wa mgongo wa kifaranga, jiko likiwa halijawashwa. Kikizidi nyuzi 35, shughulikia paa kwanza, na umwombe muuzaji asogeze tarehe mbele.