Fedha ya Mavuno ni ya Nani?

Kila mwaka baada ya mavuno, wakulima wengi wa Songea huyapeleka mahindi yao kwenye mizani ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wakangoja malipo. Twapenda kumwuliza baba wa nyumba: fedha hiyo ni ya nani?

Atajibu, “Ni yangu, ni jasho langu.” Naam. Lakini mbolea aliyoikopa ilikuwa jasho la mwingine. Basi sehemu ya deni si yake tena, ingawa i mfukoni mwake. Akiinywea pombe, anakunywa mali ya mwenzake.

Wala mkopeshaji asijione mwenye haki tupu. Mikopo ile iitwayo “kausha damu” haikupewa jina hilo bure. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka mkopeshaji awe na leseni au asajiliwe. Asiye na hivyo yafaa kumkimbia. Naye anunuaye mahindi yangali shambani kwa bei ya njaa, ajiulize kama amemsaidia jirani au amemnyang’anya.

Twashauri hivi: kabla ya kuuza, mume na mke waketi pamoja, waandike katika daftari kila deni, hata lile mmoja alilomficha mwenzake. Watenge chakula cha watoto na mbegu, walipe madeni, ndipo wahesabu kilichobaki. Hata kikiwa kidogo, hicho ni chao kweli. Wahenga walisema: dawa ya deni kulipa.