Diwani na Mapipa ya Takataka

Ni rahisi kuwa na dhamiri safi wakati huna madaraka. Aliye nje huona vizuri mahali paa linapovuja. Akikabidhiwa nyumba ndipo anapoijua bei ya bati. Je, mwenye kupigania jambo jema afadhali abaki nje? Twataka kulitazama swali hili kwa habari ya madiwani wa chama kidogo huko Uingereza.

Chama chenyewe huitwa Chama cha Kijani. Kilianzishwa mjini Coventry mapema katika miaka ya 1970, na watu wachache walioogopa kwamba binadamu anaimaliza dunia. Mwaka 1985 kikachukua jina hilo la Kijani. Kwa miaka mingi diwani wake, pale alipopatikana, mara nyingi aliketi peke yake kati ya madiwani wa vyama vikubwa. Alinena juu ya hewa, miti na mito, kura ikapigwa, akashindwa, akarudi nyumbani. Hatumcheki. Kunena mbele ya wasiosikiliza si kazi ndogo. Lakini hakuna aliyeweza kumlaumu, maana hakuwa ameamua lolote.

Mwezi Mei 2011 mambo yaligeuka. Katika mji wa Brighton na Hove, pwani ya kusini, chama hicho kilipata viti 23 kati ya 54. Hawakufika nusu, ila walikuwa wengi kuliko chama kingine chochote, wakaushika uongozi wa halmashauri. Jambo hilo chama kilikuwa hakijapata kulifanya popote nchini humo.

Basi mapipa ya takataka yakawa yao. Posho za wafanyakazi wa halmashauri hazikuwa sawa, na sheria ya malipo sawa kwa wanaume na wanawake ilidai zirekebishwe. Waliotangulia walikuwa wameliacha jambo hilo bila kulimaliza. Kulirekebisha kulimaanisha kwamba baadhi ya wazoa taka wangepoteza sehemu ya kipato chao. Mwezi Juni 2013 wakagoma kwa wiki moja. Takataka zikarundikana mitaani, tena katika mji ulioongozwa na chama cha mazingira! Madiwani wenyewe waligawanyika, naye Caroline Lucas, mbunge wa chama hicho hicho, akasimama upande wa wagomaji.

Nani alikuwa na haki? Sisi hatumwoni mtu mbaya hapo. Mwanamke aliyenyimwa posho anayopewa mwanamume ana haki ya kudai. Mzoa taka aliyekwisha kupanga kodi ya nyumba na chakula cha watoto kwa mshahara anaoujua, naye ana haki ya kulalamika. Mfuko wa fedha ni mmoja, na diwani hana budi kuinua mkono au kuushusha. Wako watakaosema kwamba heri ajiuzulu. Twawaelewa, lakini akijiuzulu tatizo litabaki palepale, na kitakachokuwa safi ni mikono yake tu.

Hatari tunayoiona sisi ni nyingine. Mtu apendaye sana miti na bahari aweza kuwaona watu kuwa ni kizuizi, na kumbe anayeusafisha mji alfajiri, mvua ikinyesha, ni mtunza mazingira kuliko msema hotuba. Wengi waliwacheka madiwani wale kwa kugombana wao kwa wao hadharani. Sisi tungehofu zaidi kama wote wangepiga kura bila hata mmoja wao kuumia moyo.

Mwaka 2015 wapiga kura waliwapunguza, wakabaki 11. Hata hivyo mwaka 2020 walikubali kuushika tena uongozi wa mji huo, wakijua sasa mapipa yale yana uzito gani. Mwezi Oktoba 2021 wazoa taka waligoma tena.