Shija Huulizwa Habari za Wawili

Ukijitambulisha kwa mzee wa Kisukuma pale Kahama au Kishapu kwamba unaitwa Shija, usitegemee akuulize jina hilo umelipata wapi. Atakuuliza, "Wenzako hawajambo?" Anawakusudia mapacha waliokutangulia kwa mama yako. Hajawahi kukuona, hajui kwenu, lakini amekwisha kujua kwamba nyumbani kwenu walizaliwa wawili kwa mpigo na kwamba wewe ndiye uliyewafuata. Kama u mwanamume au mwanamke, hilo anajionea kwa macho. Jina halisemi.

Kulwa ni pacha aliyetoka kwanza, Doto ni wa pili, Shija ni anayezaliwa baada yao. Wawe wavulana watupu, wasichana watupu, au mmoja hivi na mwingine vile, majina ni hayo hayo, Usukumani hadi Unyamwezini. Wala mtu asidhani kwamba Wasukuma hawajui kutenga majina ya kike na ya kiume. Mvua ikinyesha siku ya uzazi, mvulana huitwa Mabula na msichana Kabula. Msichana aliyezaliwa wakati wa njaa ni Nyanzala, na aliyezaliwa jua likiwaka ni Limi. Njia ya kutenga ipo katika lugha yao, na wazee waliijua vizuri. Kwa mapacha na anayewafuata hawakuitumia.

Majirani zao wa ziwani walifanya vingine. Wajaluo, ambao wako Mara na wengine wamo machimboni Geita, wana Opiyo na Odongo kwa wavulana, Apiyo na Adongo kwa wasichana, na anayefuata ni Okello au Akello. Waganda wana Wasswa na Kato, Babirye na Nakato, ingawa wakifika kwa anayewafuata mapacha, Kizza, hata wao hawajali tena ni wa kike au wa kiume. Mbali kabisa, Nigeria, Wayoruba wana Taiwo na Kehinde, kisha Idowu, wote bila kubagua jinsia. Ila wao wanashikilia kwamba Kehinde, anayetoka wa pili, ndiye mkubwa, kwa kuwa alimtuma mwenzake atangulie kuionja dunia. Hoja hiyo ukiipeleka Shinyanga, kina Doto wataishangilia na kina Kulwa watakata rufaa.

Kwa maoni yangu wazee walikuwa na sababu nzuri. Majina mengi tunayowapa watoto siku hizi ni maombi: Baraka, Neema, Goodluck, Prosper. Mzazi anamwambia Mungu anachokitaka, mtoto anapewa deni la kukitimiza. Kulwa, Doto na Shija ni majina yasiyoomba kitu. Yanaeleza mtu alivyofika na alifika na nani. Doto huwezi kumweleza bila Kulwa. Hata Kulwa akifariki siku ya tatu, kama ilivyowapata mapacha wengi enzi ambazo zahanati zilikuwa za kutafuta kwa tochi, Doto hapewi jina jingine. Anabaki wa pili maisha yake yote, na kila anayemwita anamgusa marehemu bila kumtaja. Shija ndiyo zaidi. Huenda wale wawili hakuwahi kuwaona, walizikwa kabla yake, lakini anatembea na habari zao kila aendako. Mtu wa namna hiyo hawezi kujidai kwamba dunia ilianza siku aliyozaliwa yeye. Wazee walipokuwa wakiweka kumbukumbu hiyo, jinsia haikuwa na nafasi, kwa kuwa hakuna anayehitaji kukumbushwa jinsia ya mtu aliyesimama mbele yake. Watu husahau waliotangulia.

Tusiwapambe wazee kupita kiasi, hata hivyo. Mapacha hawakupokewa kwa vigelegele tu, walitisha. Hans Cory, Mwaustria aliyetafiti mila kwa niaba ya serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1944 makala nzima kuhusu sherehe za mabasa, yaani mapacha wa Wasukuma. Wazazi walifanyiwa dawa, ngoma ikapigwa, zikaimbwa nyimbo za utani mzito ambazo siku nyingine mtu asingethubutu kuzitamka mbele ya mkwewe. Kashindye, mtoto anayetanguliza miguu, naye aliwashtua watu, naye alitengewa jina lake. Ninachokiona hapo ni namna ya kuishughulikia hofu. Haikuachwa ijifiche ndani ya nyumba ya mke na mume. Ilitolewa uani, kijiji kizima kikaicheka na kuitolea jasho, kisha wakapatikana watu wenye majina, wa kutumwa maji na kuchunga mbuzi kama wengine.

Nalisema hili nikijua ukanda huu umeshuhudia nini. Kuanzia mwaka 2007 hivi, Shinyanga, Mwanza na Geita zilitajwa duniani kote kwa mauaji ya watu wenye ualbino, viungo vyao vikisakwa na watu walioaminishwa na waganga kwamba vitawapatia dhahabu au samaki. Februari 2015 mtoto wa kiume wa mwaka mmoja aliporwa kwa mama yake wilayani Chato, akakutwa ameuawa, na mama alikatwa mapanga akimtetea. Sisemi kwamba ngoma ya mabasa ingeyazuia hayo. Nasema palikuwa na ujuzi wa kumpokea mtoto asiyetarajiwa na kumwekea kiti kati ya watu, na ujuzi huo haukutosha, au haukuenezwa, pale bei ya kiungo cha binadamu ilipoanza kunong'onwa machimboni. Mwenye kusifu mila za Kisukuma bila kupitia hapo, mimi simsikilizi.

Majina yenyewe yalisafiri mapema. Wanyamwezi na Wasukuma walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo karne ya 19, na sioni ajabu kama waliyaacha mengine njiani. Pwani Kulwa akawa Kurwa. Mwaka 1960 Muhammad Saleh Farsy alichapisha riwaya yake iitwayo Kurwa na Doto, na kijiji anachokieleza humo kiko Unguja, siyo Usukumani. Leo Mchaga au Mmakonde anawaita mapacha wake Kulwa na Doto bila kujiona ameazima, na watu husema vitu viwili vimefanana kama kulwa na doto hata vikiwa ni mabasi. Bukombe, mkoani Geita, ilimpeleka bungeni Doto Mashaka Biteko mwaka 2015. Mwaka 2019 alikuwa Waziri wa Madini, mwaka huohuo lilipofunguliwa soko la dhahabu la Geita, na Agosti 2023 akateuliwa Naibu Waziri Mkuu. Mtani wa kweli hakuweza kuacha kusema kwamba Doto hakosi kuwa naibu.

Katoro, mji unaoishi kwa dhahabu, mwuguzi akisimama mlangoni mwa zahanati na kadi mkononi akaita "Doto!", huinuka mama mwenye mtoto mgongoni na kijana mwenye udongo wa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kwenye buti. Mwuguzi anaongeza jina la baba, mmoja anakaa. Usumbufu wote wa jina lisilobagua jinsia ndio huo.

Tangu mwanajiolojia Williamson aipate almasi ya Mwadui mwaka 1940, na tangu mgodi mkubwa wa Geita uanze kuzalisha mwaka 2000, ukanda huu umezoea wageni. Kila rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, ikitangazwa, vijana wanafika kutoka Kigoma, Mara, Kagera, kila mmoja na begi lake. Huko mtu hupoteza jina haraka. Anaitwa Mha, anaitwa Mkurya, anaitwa kwa timu anayoshabikia, na mwenye duara hana haja ya kujua zaidi ya hapo maadamu viroba vinapanda juu. Taabu inaanza duara linapotitia. Hapo ndipo watu wanatazamana na kuulizana, huyu kwao ni wapi, nani ana namba ya nduguye? Doto yuko afadhali kidogo. Kila aliyekaa naye kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, alishamuulizia Kulwa, na mara nyingi kuna mtu kambini amewahi hata kuongea naye kwa simu.

Mapacha wa siku hizi hujulikana mapema. Kipimo cha picha kinawaonesha, na wazazi wanaingia leba wakiwa wamekwisha kuchagua Brian na Bright, au Doreen na Careen. Bibi anawasikiliza, anaitikia, kisha anawaita Kulwa na Doto mpaka wanaanza shule. Upasuaji nao umeleta swali ambalo wazee hawakulijua: daktari huanza na yule aliye karibu na mkono wake. Jibu la mabibi niliowasikia ni lile lile, aliyeonwa kwanza ndiye Kulwa, na wanamsihi mkunga asichanganye vitambulisho vya mkononi.

Anayepungua, kwa kufikiri kwangu, ni Shija. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulionesha wastani wa watoto 5.2 kwa mwanamke nchini, na ule wa 2022 ukaonesha 4.8. Usukumani bado watu wanazaa, lakini mama aliyebeba wawili kwa mpigo, na kaka zao watatu wako nyumbani, ana kila sababu ya kuulizia kijiti cha uzazi wa mpango kliniki. Mapacha hawapangwi, Shija anapangwa. Wengi utakaowakuta sasa ni Shija wa mwisho wa jina, kama marehemu William Shija, aliyekuwa mbunge wa Sengerema na waziri, kisha Katibu Mkuu wa Chama cha Mabunge ya Jumuiya ya Madola hadi alipofariki mwaka 2014. Wengine ni watoto waliorithishwa jina la babu au bibi, na hao ukitaka kuwasalimia mapacha wao, watakuelekeza kwenye kizazi cha juu.