Kitufe Kilekile

"Mjomba, sie ndo wazuri au wabaya?"

Swali hili aliniuliza mtoto wa dada yangu, hapa nyumbani kwetu Machomane, Chake Chake, usiku mmoja baada ya sala ya Isha. Ana miaka kumi. Padi iko mkononi, na kwenye televisheni kuna Star Wars: Squadrons, gemu la vita vya angani lililotoka Oktoba 2020, ambalo asili yake ni zile filamu zilizoanza 1977. Gemu hili lina ujanja wake. Halianzi kwa kukupa ndege ya waasi, ambao kila aliyeziona filamu anawapenda. Linaanza kwa kukukalisha ndani ya ndege ya Dola, yaani upande wa madhalimu, katika msako wa wakimbizi ambao sayari yao, Alderaan, imeshalipuliwa.

Mtoto hakuwa na habari. Alikuwa anarusha ndege yake na kufuata anayoambiwa, mpaka kapteni wake mwenyewe, Lindon Javes, alipokataa kuwaua wale wakimbizi na kuwageukia wenzake. Hapo ndipo aliponiangalia na kuniuliza.

Nikamjibu harakaharaka, kama tunavyowajibu watoto siku zote: "Hawa wabaya. Subiri kidogo, utahamia kwa wazuri." Na kweli gemu likamhamisha, maana hadithi yake inakupeleka huku na huku, mara Jamhuri, mara Dola. Mtoto akaridhika akaendelea. Mimi sikuridhika. Swali lile lilinipasa kuliuliza mwenyewe miaka mingi nyuma, tena sikuliuliza.

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka kumi na minne. Karibu na kwetu kulikuwa na banda la gemu: televisheni tatu, Playstation 2 tatu, mabenchi, na pazia la kanga mlangoni kuzuia mwanga. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulikuwa bado, ulikuja 2010. Siku zile Pemba ilitegemea majenereta ya Wesha, na umeme ulikuwa unakatika unapotaka wenyewe. Kwa hiyo kucheza gemu Chake kulikuwa kama bahati nasibu. Unatoa shilingi mia mbili yako, unaomba Mungu, unacheza.

Wengi walikuwa wanakuja kwa ajili ya mpira. Mimi nilikuwa nakuja kwa ajili ya Star Wars: Battlefront II, lile la 2005. Sijui nani aliileta ile diski. Ndani yake kulikuwa na vita vya angani ambavyo mpaka leo nikivikumbuka mikono inaniwasha: unatoka na kindege chako kwenye tumbo la meli kubwa, unapita katikati ya risasi, ukitaka unatua ndani ya meli ya adui na kuiharibu kutokea ndani. Kiingereza sikijui. Kuna mzee mmoja anayesimulia kila kabla ya vita, lakini kwangu ilikuwa sauti nene tu ya kungojea iishe. Nilichojua ni kimoja: mwekundu piga, wa kijani mwache.

Nilikuja kuijua hadithi yenyewe nilipokuwa mtu mzima, nilipoirudia kwenye kompyuta na masikio yameshazoea lugha. Yule mzee ni askari mstaafu wa Kikosi cha 501, na anasimulia maisha yake. Mwanzoni kikosi kinaipigania Jamhuri. Angani juu ya Coruscant wanakwenda kumwokoa kiongozi wao aliyetekwa. Kisha yule waliyemwokoa anajitangaza mfalme, na askari walewale wanatumwa kuvamia hekalu la Jedi, majemadari waliokuwa wakiwaongoza vitani jana. Kisha wanatumwa Naboo kumuua malkia. Baadaye wako angani juu ya Yavin 4, wanawafukuza waasi waliotoka kuilipua Nyota ya Kifo.

Nikakaa kimya. Mimi nilikuwa nimezipita hatua zote hizo nikiwa na miaka kumi na minne, na sikumbuki hata sekunde moja niliyohisi kuna kitu kimegeuka. Kwa nini ningehisi? Kitufe kilikuwa kilekile. Adui alikuwa mwekundu kama kawaida. Juu ya Coruscant nilikuwa mkombozi, juu ya Yavin nilikuwa mtumishi wa dhalimu, na kidole changu hakikujua tofauti.

Ungeweza kuniambia, msomaji, kwamba hili ni gemu tu, yakhe, la watoto hilo. Na mimi ningekubali, lau kuwa ile sehemu ya pili ya banda isingekuwepo.

Mwenye banda aliniona nipo kila siku na hela sina, akanipa kazi. Niliifurahia sana. Kulikuwa na vijana wakubwa waliozoea kuwanyang'anya watoto zamu zao. Mtoto ameshalipa, anakuja mmoja mwenye ndevu anamsukuma kwenye benchi. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni, kuandika majina kwenye daftari, na kuhakikisha kila mtu anaikaa zamu yake. Nilikuwa na fimbo ya mpera, ya kutishia tu. Watoto wadogo walinipenda. Nilikuwa, kwa lugha ya yule mjomba wangu mdogo, mzuri.

Baada ya miezi michache umeme ukazidi kukatika, na mwenye banda akawa anarudisha hela kila siku. Akatoa amri mpya: umeme ukikatika, hela hairudi na zamu imekwisha. Anayeleta maneno atolewe nje. Wa kumtoa ni mimi.

Mchana mmoja alikuja rafiki yangu tuliyekuwa tunasoma naye skuli. Yeye hakuwa mtu wa banda, kwao hali ilikuwa ngumu. Ilikuwa msimu wa karafuu, na ile mia mbili aliipata kwa kuokota karafuu zilizodondoka chini ya mikarafuu ya watu, moja moja, kwa siku nzima. Aliniambia mwenyewe, kwa fahari, wakati naandika jina lake. Akakaa. Akashika padi. Haikufika dakika mbili umeme ukaenda.

Akanitazama. Nikamwambia, "Hela hairudi." Akadhani namfanyia mzaha, akacheka. Nikarudia. Akasema, "Si wewe ndo ulonipokea?" Nikamshika mkono, nikamtoa. Daftari lilikuwa lilelile, fimbo ilikuwa ileile, mlango ulikuwa uleule niliokuwa nautumia kuwatoa wale wenye ndevu. Mimi sikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni amri, na hakuna aliyenipigia kengele kuniambia kwamba sasa umehama upande.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema. Tumezoea kufikiri kwamba mtu anakuwa mbaya kwa kugeuka: moyo unaota kutu, tamaa inamwingia, anauza dini yake. Wapo wa hivyo. Lakini nadhani wengi zaidi ni wale ambao hawakugeuka kabisa. Walibaki waaminifu, hodari, wenye kushika zamu, na uaminifu wao huohuo ndio uliowabeba ng'ambo ya pili. Methali inasema bendera hufuata upepo, na tunaisema kwa kumcheka kigeugeu. Ila mlingoti haugeuki, umesimama palepale siku zote, na bila yake bendera ingekuwa chini. Mimi nilikuwa mlingoti.

Kusini mashariki ya Chake, mwendo mfupi tu, yapo magofu ya Pujini, ngome ya karne ya 15 ambayo wazee wanaitaja kuwa ya Mkama Ndume. Kila mtoto wa Pemba anaijua hadithi: dhalimu aliyewalazimisha watu kubeba mawe huku wakijiburura kwa makalio. Tumeisikia mara mia, na kila mara macho yetu yako kwa wawili, dhalimu juu na mbeba mawe chini. Mkama Ndume hakuweza kusimama peke yake juu ya vichwa vyao wote. Lazima alikuwepo kijana mwenye fimbo. Huenda aliajiriwa kwanza kulinda chakula cha wafanyakazi kisiibiwe. Huenda walimpenda. Hadithi haimtaji, na nadhani haimtaji kwa sababu sisi tunaosimulia hatutaki kumwona, tusije tukamtambua.

Kijana huyo ana utetezi wake, na si mwepesi. Mjumbe hauawi, wahenga wamesema. Nilitumwa. Ningekataa angewekwa mwengine, na yule rafiki yangu angetolewa vilevile, pengine kwa fimbo kweli. Adolf Eichmann aliposhitakiwa Jerusalem mwaka 1961 kwa kuwapeleka Wayahudi kwenye makambi ya mauti, alijitetea kwa amri, na Hannah Arendt, aliyekwenda kuisikiliza kesi, alishitushwa na jinsi mtu yule alivyokuwa wa kawaida. Simfananishi mtoto wa banda na Eichmann, nisieleweke vibaya. Mia mbili si roho ya mtu. Lakini sentensi ya utetezi ni moja, na mtu huanza kujifunza kuisema kwenye mia mbili.

Mjumbe hauawi kwa sababu mjumbe hubeba maneno. Mimi sikubeba maneno, nilishika mkono wa mtu. Na chuoni tulifundishwa tangu wadogo kwamba utiifu kwa kiumbe una mpaka, nao ni pale unapoanza kumuasi Muumba. Nilikuwa naujua mpaka huo kwa moyo. Nisichokijua ni kwamba mpaka hauna ukuta wala bango. Unaupita ukiwa unafanya kazi yako ya jana.

Ndiyo maana swali la mtoto yule ni kubwa kuliko jibu nililompa. Magemu haya mawili yana kasoro moja inayofanana: hakuna kitufe cha kukataa. Javes anakataa, lakini anakataa mbele yako, wewe huulizwi. Ukitaka kukataa huna njia ila kuzima. Maishani njia zipo, ila hakuna anayekuonesha. Ningeweza kutoa mia mbili mfukoni mwangu. Ningeweza kumrudia mwenye banda na kumwambia hii siiwezi. Ningeweza hata kusita. Kusita kwenyewe kungekuwa kitu. Lakini ili usite lazima kwanza uulize, na anayejiona mzuri tangu asubuhi haulizi.

Rafiki yangu yupo hapahapa Chake, anaendesha bodaboda. Mwezi uliopita alinibeba kutoka Gombani, na tulipofika nikamsimulia yote: banda, karafuu, umeme. Akacheka sana.

"Mia mbili? Bwana wee, nshasahau mimi."

Nikapumua. Akawasha pikipiki, kisha akaizima tena.

"Mkono nnaukumbuka lakini," akasema. "Ulinshika kwa nguvu."

Usiku ule nilimkuta mtoto wa dada yangu yuko upande wa Jamhuri, anapiga ndege za Dola moja baada ya moja, ana raha zake. Nikakaa pembeni yake. Nikamwambia lile jibu nililompa siku ile halikuwa sawa, na kwamba sijui kama wao ni wazuri au wabaya, ila swali asiliache, aliulize kila anapopewa kazi mpya, hata akiwa kwa hawa anaowapenda.

"Hata sasa hivi?" akauliza, macho kwenye televisheni.

"Hata sasa hivi."

Akafikiri kidogo. Kidole bado kilikuwa juu ya kitufe.