Kufuta na Kuficha

Mwaka jana mshairi mmoja aliniandikia: "Kaka, naomba ulitoe lile shairi langu. Ndoa yenyewe imeshavunjika, sitaki wanangu walikute." Mimi ndiye ninayetunza mtambo wa kutafutia maandishi katika mkusanyo wetu mdogo wa mashairi na hadithi. Dakika haikupita, nikamjibu: "Nimeshalifuta, dada." Akashukuru. Nikatafuta jina lake, sikuona kitu. Basi, nikalala.

Wiki iliyofuata, nikihangaika na jambo jingine kabisa, nilifungua faharasa yenyewe kwa Luke, programu ya kuchungulia ndani ya Lucene. Lucene ni maktaba ya programu aliyoianzisha Doug Cutting mwaka 1999, na mitambo mingi ya utafutaji imejengwa juu yake. Katika orodha ya maneno nikakutana na jina la utani alilokuwa akimwita mumewe. Halimo katika shairi lingine lolote. Lilikuwa palepale.

Kumbe Lucene haifuti kama mimi na wewe tunavyoelewa kufuta. Faharasa imegawanyika katika vipande, na kila kipande ni faharasa kamili: orodha ya maneno, na mbele ya kila neno namba za maandishi yenye neno hilo. Kipande kikishaandikwa hakiguswi tena. Ukifuta andiko, huandikwa faili dogo pembeni la kuonyesha yapi bado hai, na anayetafuta huyapita yale mengine. Wino haujaguswa. Huondoka siku vipande vinapounganishwa kuwa kipande kipya: yaliyo hai huhamishwa, yaliyofutwa huachwa. Siku hiyo ni lini? Inategemea. Kipande kikubwa kinaweza kusubiri sana.

Lililonikosesha raha zaidi ni hesabu. Neno adimu lina uzito kuliko la kawaida, kwa hiyo Lucene huhesabu neno limo katika maandishi mangapi, na hapo yaliyofutwa bado huhesabiwa. Yaani shairi lisilosomeka na mtu bado lina kauli, ndogo, kuhusu shairi la nani litangulie. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, aliyatumia maneno yetu Sasa na Zamani: marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Hapa hakuna wa kuliita jina, na bado limo kazini.

Je, nilimdanganya? Rafiki yangu fundi anasema hapana, watoto hawatalikuta, na hilo ndilo aliloomba. Sikubali. Sikumwambia nimelificha. Nilisema nimelifuta, na kwa neno hilo akanishukuru. Wala sina ugomvi na Lucene. Kutokigusa kipande ndiko kunakomfanya anayesoma asibabaishwe na anayeandika. Lakini "kufuta" ya mafundi niliiazima nikampa mtu kama neno langu mwenyewe.

Usiku ule nililazimisha vipande viunganishwe upya. Nikafungua Luke, jina la utani halikuwepo. Nakala za akiba je? Nikakuta mbili, nikaziondoa. Kisha nikamwandikia yule dada, nikamweleza yote. Alijibu siku ya tatu: "Kwa hiyo ulipoandika umeshalifuta, lilikuwepo?"

Nikamjibu: "Ndiyo, dada. Lilikuwepo."