Wito na Wakati Wake

Kukua huonekana na kila mtu, lakini mwenye kuamuru kukua haonekani. Kiwavi hula majani kwa majuma, kisha siku moja huacha kula pasipo kukatazwa na mtu. Nani aliyemwambia kwamba wakati umefika? Swali hili ni la elimu ya viumbe, lakini chini yake limelala swali la maadili: je, mwili ukiisha kuitwa, mwenye mwili naye amekuwa mtu mzima?

Katika mwambao wa Kilwa na Lindi mfano hauko mbali. Mnazi ulioanguka na kuoza ukipasuliwa, aghalabu huonekana ndani yake funza wanene weupe waliojikunja. Hao ni watoto wa yule mdudu mweusi mwenye pembe atobolaye vilele vya minazi. Funza hana pembe wala mbawa. Hula uozo, hunenepa, hujivua ngozi, kisha hulala kimya katika hali ya bundo, mfano wa maiti katika sanda. Walimu wengine huiita hali hiyo pupa, jina lifananalo na neno la tamaa na haraka. Kumbe hapana kiumbe kisicho na pupa kuliko huyo aliyelala. Atokapo, ana ngao mgongoni na pembe kichwani.

Mdudu hana mifupa ndani. Ngozi yake ndiyo mifupa yake. Ngozi ngumu haitanuki, basi akuaye sharti avue. Amri ya kuvua huanzia katika ubongo, ambao huziamsha tezi za kifuani zitoe homoni iitwayo ekdisoni. Hiyo ni steroidi, jamaa ya homoni zibalehishazo binadamu. Mdudu hawezi kujitengenezea asili yake. Huipata katika chakula. Mwaka 1954, huko Ujerumani, Butenandt na Karlson walifaulu kuitenga: mabundo ya nondo wa hariri yenye uzito wa kilo 500 yaliwapa miligramu 25 tu. Mzigo wa magunia ulitoa chembe isiyojaza ncha ya kijiko, na chembe za namna hiyo ndizo zitawalazo maisha ya mdudu.

Lakini ekdisoni husema neno moja tu: vua. Haisemi mwenye kuvua awe nini. Hilo huamuliwa na homoni nyingine, homoni ya utoto, itokayo katika tezi ndogo mbili zilizo nyuma ya ubongo. Wito ukija ilhali homoni ya utoto ni nyingi mwilini, kiwavi hujivua akawa kiwavi mkubwa zaidi. Ukija wakati imekwisha kutoweka, wito ule ule humgeuza bundo. Mwaka 1938 Mfaransa Bounhiol aliwaondolea tezi hizo viwavi wachanga wa nondo wa hariri. Hawakubaki watoto. Waligeuka mabundo kabla ya kufikia kimo chao, wakatoka nondo vibete.

Homoni ya utoto nayo haina maana moja. Mkenya Thomas Odhiambo, mwanafunzi wa Wigglesworth huko Cambridge, na mwasisi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970, alichunguza tezi hizo katika nzige dume wa jangwani. Kwa nzige aliyekwisha kuwa mzima, homoni hiyo haizuii tena ukubwa, huhimiza uzazi. Kitu ni kile kile, ila kimekuta mwili mwingine.

Kwa binadamu pia steroidi hupiga hodi. Watu wa mwambao wa kusini hawakuiacha hodi hiyo bila jibu: waliweka jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana. Mwali aliwekwa ndani, kungwi akamfunza. Waliotunga mila hiyo walitambua kwamba damu ya kwanza hubadili mwili, lakini haifundishi adabu, subira wala malezi. Mafunzo yalikuwa fungu la pili la ukubwa, lile ambalo mwili hauwezi kujipa.

Ubishi huanza pale mtu anaposoma alama moja na kuliacha fungu la pili. Husemwa kwamba maumbile yamekwisha kunena, na binti aliyevunja ungo akikawia nyumbani ataleta aibu. Hofu hiyo ya mzazi si ya kuchekwa. Mapenzi yamo ndani yake. Lakini maumbile yamenena nini? Yamesema mwili umeanza, hayakusema umemaliza. Nyonga za msichana huendelea kukua baada ya damu ya kwanza, na uzazi wa mapema huweza kumdhuru yeye na mtoto wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali mvulana aliwekewa miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo.

Yaweza kujibiwa kwamba hesabu ya miaka nayo si ukomavu. Ni kweli: wako wenye miaka 30 wasiojitawala. Lakini ua wa shamba hauoteshi mahindi, na hata hivyo mkulima huujenga, kwa maana huzuia yasiliwe mabichi. Kiwavi wa Bounhiol hakuwa na kosa. Aliondolewa kinga ya utoto wake na mkono wa mwingine, kisha akautii wito kwa uaminifu, akawa kibete. Binti naye huweza kuitika kwa utii. Dhambi haimo katika kuitika kwake, imo katika mkono ulioondoa kinga. Basi anayestahili kuulizwa kama amekomaa si binti peke yake. Aanze kuulizwa yule mkubwa asimamaye mlangoni na kusema kwamba wakati umefika.